Sura ya Bwana Siku za Homa

Jumamosi, 28 Mei

Leo mume wangu, Baba Nilu, amefungwa uzi wa kuanza kuchora. Mzee Lokanath wa hekaluni amekuja asubuhi na shada lililotoka shingoni mwa mungu wetu, Bwana Jagannath, akamvika, akamfunga uzi mkononi, akasema haya Benudhar, Bwana anakungoja. Basi! Kuanzia leo hadi kitambaa cha sura ya Bwana kitoke humu ndani ni mlo mmoja kwa siku, kulala mkekani, kutotia mguu nje ya mtaa, kutogombana. Hilo la kutogombana ndilo litakalokushinda, nimemwambia. Amecheka.

Mzee Lokanath na utani wake wa kila mwaka! Eti Bwana wetu ana tabia za kitoto, akianza kuoga haachi, anamwagiwa mitungi na mitungi mbele za watu siku ya mwezi mpevu, homa ikimshika sisi ndio wa kuhangaika. Nikamwambia, na nyinyi mnaommwagia je, Baba? Hamna kosa? Akasema sisi tunatumwa tu, mwanangu.

Lakini ni kweli anaugua. Yeye na kaka yake na dada yake wanalazwa chumba cha ndani, wanapewa matunda na dawa za mizizi, na hakuna anayewaona mpaka wapone. Watu wakija wamekutanisha viganja wanachokiona ni kitambaa chetu tu, kimetundikwa pale alipokuwa amekaa. Bibi kizee anatoka mbali na mguu wake mbovu, anatazama ile sura, analia, anaondoka ameshiba. Sura iliyotoka kwenye chumba changu hiki chenye paa linalovuja. Nikiwaza hivyo mikono inakuwa mizito.

Kitambaa kimekauka vizuri. Pamba juu ya pamba, gundi ya kokwa za ukwaju, unga wa chokaa, kisha kusugua kwa jiwe mpaka bega linalia. Sukanti amekuja kunisaidia. (Mke wa shemeji Gadadhar. Ukuta wetu mmoja, kisima kimoja.) Akaniambia, "Dada, unasugua kama unamkuna mume mgongo." Nikamwambia mume akisuguliwa hivi atahamia msituni. Tumecheka mpaka Baba Nilu akakohoa kutoka ndani.

Njano ya Subhadra, dada yake Bwana, ilikuwa kazi ya Nilu wangu tangu alipokuwa mdogo. Tangu aende Surat kwenye viwanda vya kufuma naisaga mimi. Amepiga simu juzi — Mama, usinitolee njano nyepesi kama maji ya dengu! Mjuaji. Kama nani aliyemfundisha?

Jumatano, 1 Juni

Siku ya Savitri. Nimefunga tangu alfajiri, nimevaa bangili mpya, nimekaa na wanawake wenzangu kusikiliza habari za yule mke aliyemfuata Mauti nyuma nyuma, akabishana naye njia nzima, mpaka akarudishiwa mumewe. Kila mwaka nasikia na kila mwaka napata baridi mgongoni.

Mfungo huu ni wa mume. Hivyo ndivyo ilivyo. Lakini leo, Bwana unisamehe, nilipoweka matunda mbele yako nililitaja na jina la mtoto. Kwa sababu Basanta amepiga simu kabla sijatoka. Basanta wa mtaa huuhuu, wanalala chumba kimoja na Nilu kule. Anasema Nilu ana homa, haendi kazini, hali. Amesema msiwe na wasiwasi, Mama.

Mtu akishakwambia usiwe na wasiwasi!

Ijumaa, 3 Juni

Wamemlaza. Basanta anasema macho yamekuwa ya manjano na anaongea maneno yasiyoshikana. Daktari anataka mtu mzima wa kwao aje.

Nilisema nakwenda mimi. Nikaanza kufunga nguo. Baba Nilu alikuwa ameshachora mistari yote myeupe ya kwanza — vichwa vitatu, mabega, yale macho makubwa bado matupu. Alitoka mlangoni na brashi mkononi. Hakupandisha sauti. Akaniuliza tu, ukienda, chakula changu atapika nani?

Mume wa watu angesema hivyo ningempiga na sufuria. Lakini najua alichokuwa anasema. Chakula cha mwenye uzi kinapikwa na mkono wa mke aliyefunga naye, basi. Nikienda, hatakula. Asipokula mkono unatetemeka. Na yeye hawezi kutoka, uzi uko mkononi, kitambaa kimeshaanzwa. Kitambaa kilichoanzwa na kuachwa ni kama mtu aliyezaliwa nusu. Na hakuna mwingine. Ukoo wetu ulikuwa na nyumba nyingi za wachoraji, sasa tumebaki sisi. Gadadhar hakujaliwa mkono, yeye ni wa kukata vioo na kutengeneza fremu. Hekalu litamlaza Bwana halafu watu watazame nini? Ukuta?

Tukawa tumesimama hivyo tunatazamana. Ndipo Gadadhar akaingia na kiatu kimoja mguuni. Akasema, "Shemeji, fungua mzigo wako. Nakwenda mimi. Kaka abaki na Bwana, mimi nitabaki na Nilu." Sukanti nyuma yake anamvika shati. Ameondoka na treni ya mchana. Safari ya siku mbili.

Nimemfungia achari ya limau. Sijui kama mgonjwa anakula achari. Nimefunga tu.

Jumapili, 5 Juni

Nimemsikia! Gadadhar amefika, akampa simu. Sauti nyembamba kama uzi wa pamba. Amesema Mama. Nikasema mwanangu. Simu inakula pesa bure. Kisha akaniuliza, "Njano umeshasaga?" Nikasema bado, nangoja kichwa chako kikubwa kinielekeze. Akacheka kidogo, akakohoa, Gadadhar akachukua simu.

Baba Nilu hakuja kuipokea. Alisimama mlangoni, sikio huku, brashi juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

Jioni akafanya jambo. Aliichukua simu, akaizima, akampelekea Sukanti. Akamwambia, "Habari njema tuletee. Nyingine ikae kwako mpaka kitambaa kitoke."

Nililia. Nilipiga kelele — ndiyo, niligombana, na mfungo wake na wangu. Nikamwambia wewe ni jiwe. Akangoja nimalize. Akasema, Mama Nilu, unajua sheria yetu kuliko mimi. Naijua. Akifa mtu wa ukoo nyumba zote za ukoo zinaingiwa na msiba, na mkono wenye msiba haumgusi Bwana. Lakini msiba hauingii kwa mtu wa mbali mpaka asikie. Unaanzia sikioni. Aliyesikia ameingiwa. Asiyesikia bado ni safi. Baba yake alichora siku moja na mamake mkubwa amelala kijiji cha pili ameshakata roho, mtaa mzima unajua, hakuna aliyefungua mdomo. Walimwambia kitambaa kilipotoka. Akalia siku hiyo kama ndiyo kafa leo.

Nikamwambia Nilu hajafa, unamfungia mlango wa nini? Akasema simfungii yeye.

Jumanne, 7 Juni

Sukanti anakuja kila asubuhi na ndoo na habari. Leo: amekunywa uji. Jana: homa imeshuka kidogo. Nampa chai, namwambia hebu sema tena. Anasema tena.

Baba Nilu ameweka nyeusi ya Bwana. Masizi ya taa niliyoyakusanya tangu majira ya baridi. Nyeusi imekaa vizuri, inang'aa kama maji ya kisimani. Nyeupe ya kaka mtu nimeitwanga mimi, maganda ya kombe, mkono umejaa malengelenge. Nilu akiwa mdogo aliwahi kuniuliza kwa nini kaka mweupe, dada wa njano, na Bwana mwenyewe mweusi — walikuwa na baba mmoja kweli? Mzee Lokanath alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kamuulize mama yao, mimi ni mfagiaji tu.

Alhamisi, 9 Juni

Ameomba samaki! Sukanti ameingia anakimbia, kamkimbiza na mbuzi aliyekuwa mlangoni. Nilu kaomba samaki, daktari kamkatalia, wakagombana. Mtu anayegombania samaki haendi popote! Nimesaga njano leo huku naimba. Imekolea. Baba Nilu amekula wali wote, akakwangua na sahani.

Bwana wangu, wewe mwenyewe unajua homa. Kila mwaka unaugua na kila mwaka unaamka unapanda gari lako la kuvutwa kwa kamba. Nakushukuru.

Ijumaa, 10 Juni

Sukanti hajaja.

Nimemwita ukutani. Akajibu kutoka ndani kwake, si uani. Mguu unamuuma, Dada. Sauti nzito kama mwenye mafua. Nikasema jana si ulikuwa unakimbizana na mbuzi? Akasema ndiyo hapo ulipoteguka.

Nikafungua mdomo nimuulize. Nikaufunga.

Nilipokwenda kisimani ndoo yake ilikuwa pale, kavu. Alingoja nimalize, niingie ndani, ndipo nikasikia kamba inashuka. Miaka yote hii tumeteka maji pamoja, tunagombania kamba.

Jumamosi, 11 Juni

Mguu bado.

Baba Nilu aliuliza, Sukanti hajaja? Nikasema mguu. Akasema, aa, mguu. Akarudi kwenye kitambaa. Alikuwa anachora pindo la nguo ya Subhadra, maua madogomadogo, na hakuinua kichwa tena mpaka giza.

Jikoni kwao hakuna harufu ya kitu kukaangwa. Pengine na yeye hana hamu ya kula. Mguu ukiuma mtu hana hamu ya kula.

Jumapili, 12 Juni

Sijui niandike vipi.

Mchana nilikuwa natwanga. Upande wa pili wa ukuta mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, halafu kusafisha koo. Naishi na kikohozi hicho tangu nimeolewa. Ni cha Gadadhar.

Gadadhar yuko nyumbani. Hajaja kwangu. Hajaja kwa kaka yake. Mtu ametoka Surat kwa mwanangu, amepanda treni siku mbili, amefika, na anakaa nyuma ya ukuta anabana kikohozi chake. Kama angekuwa na neno la kuniambia angelileta mbio, angeliimba kuanzia kituoni. Na Nilu amemwachia nani kule?

Baba Nilu alisimamisha brashi. Akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Sijui. Mpita njia."

Akasema, "Aa." Akachovya brashi. Nikaona anachovya mara ya pili, mara ya tatu, haitoi kwenye kifuu cha rangi. Kisha akaitoa, akachora mstari. Ulinyooka. Sijui aliutoa wapi.

Machozi hayaruhusiwi chumba cha kazi. Tone moja la mwili wa mtu likidondoka kwenye kitambaa kimeharibika chote, kinatupwa mtoni. Kwa hiyo niligeukia ukutani nikaendelea kutwanga. Unga ulishalainika zamani. Nikaendelea tu, ili kuwe na sauti.

Jumatatu, 13 Juni

Asubuhi nilikwenda ukutani. Nimechoka kuwa safi. Nilisema nitauliza, na kiwe kiwavyo, mimi ni mama, sikio langu ni la mwanangu kabla ya kuwa la hekalu. Niliweka kiganja ukutani. Nilisikia mtu anapumua upande wa pili. Alikuwa amekaa palepale, chini. Sijui alikaa tangu lini.

Sukanti akasema polepole, "Dada, usiniulize. Kesho. Nakuomba kwa jina la Jagannath, kesho."

Nilikaa chini. Ukuta kati yetu.

Nikasema, "Sijakuuliza kitu, Sukanti."

Akasema, "Ndiyo, Dada. Hujauliza."

"Mguu unaendeleaje?"

Nilimsikia anaziba mdomo na nguo.

Nikainuka nikampikia Baba Nilu wali wake.

Bwana, nakuuliza na unijibu, mimi si mtu wa kukusumbua. Wewe ukiugua mji mzima unatembea kwa vidole. Mganga wako analala mlangoni. Tunakuchorea sura ili watu wasikukose hata siku moja. Huyu wangu aliugua chumba cha watu wanane kwa zamu, godoro halipoi. Nani alimchorea sura? Mimi namuona nikifumba macho tu, na macho siwezi kuyafumba sana, kuna kazi. Sikulaumu. Ndiyo, nakulaumu. Halafu naenda kukutwangia nyeupe, kwa sababu nani mwingine ninaye?

Mchana yakabaki macho. Macho ni ya mwisho. Tulifunga mlango, nikashika kifuu cha rangi. Baba Nilu alifanya ya kaka kwanza, kisha ya dada. Alipofika kwenye njano ile akasimama. Akasema, "Imekolea mwaka huu."

Nikasema, "Si kama maji ya dengu."

Akatikisa kichwa. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka lakini mkono hautetemeki! Akashusha ile duara nyeusi ya jicho la Bwana, pande zote, bila kuinua brashi. Akarudi nyuma hatua moja. Bwana akatutazama. Macho hayana kope, hayafumbi, yanaona yote. Nikataka kuyauliza umeona nini kule Surat. Badala yake nikakutanisha viganja, na yeye akakutanisha vyake, tukasimama hivyo wawili tu.

Hatukuambiana neno. Kama tungeambiana tungesikia.

Jumanne, 14 Juni

Naandika haraka.

Leo ni siku ya kwanza ya Raja, sikukuu ya wasichana kubembea. Jana jioni wasichana walifunga bembea mbele ya nyumba ya pili na kamba mpya na maua, nikawasikia wanabishania nani ataanza. Asubuhi nimefungua mlango — bembea haipo. Kamba imekunjwa imewekwa kando. Wasichana wamekwenda kubembea mtaa wa juu, nyimbo zinatoka huko. Mtaa wetu wote kimya. Hakuna nyumba inayochoma mkate wa sikukuu. Siku ya Raja! Mwanamke wa pembeni aliponiona aliinamisha kichwa akaingia ndani.

Kwa hiyo wote. Mtaa mzima. Wamekaa kimya kwa ajili yetu siku zote hizi, hata watoto.

Hekalu limekuja saa sita, ngoma, matoazi, miavuli. Mzee Lokanath hakufanya utani. Aliingia akakitazama kitambaa muda mrefu, akagusa miguu ya Baba Nilu — mzee yule! — na hakunitazama mimi. Wakakikunja, wakakifunga kwa hariri. Ni desturi mwenye nyumba apige vigelegele kinapovuka kizingiti. Wanawake wote wakanitazama. Nikapiga. Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilitoka, ndefu, na wao wakaipokea, na nikaona wanalia huku wanapiga vigelegele, kila mmoja.

Baba Nilu kavaa shada la Bwana. Amewasindikiza mpaka mwisho wa mtaa, amerudi, amekaa kwenye ngazi. Uzi bado uko mkononi. Haukatwi mpaka kitambaa kitundikwe mahali pake, na kikishatundikwa wanapuliza kombe la baharini hekaluni, linasikika hadi hapa. Kombe likilia kazi yetu imekwisha. Masikio yetu yanakuwa ya kwetu.

Wamekuja. Wamesimama uani, hawajaingia. Gadadhar amejifunga taulo kichwani, lakini pembeni ya sikio naona ngozi tupu, amenyolewa. Sukanti yuko nyuma yake, mguu wake mzima kabisa, ameshika tawi la mwarobaini. Majani tunayotafuna na wali tukitoka kuchoma maiti. Hata hakulificha. Nyuma yao majirani, wanaume kwa wanawake. Hakuna anayesema. Wote wamegeuza nyuso upande wa hekalu, wanangoja.

Baba Nilu ananitazama. Amepapasa ngazi pembeni yake, kaa hapa Mama Nilu. Nimemwambia namalizia mstari.

Tangu nimeletwa nyumba hii bi harusi, kila mwaka nimeomba kombe lilie mapema, nivue mfungo, nilale kitandani, nimpikie mwanangu samaki. Leo naomba lisilie. Wachelewe. Misumari iwapotee, kamba ikatike, Mzee Lokanath aanguke na ngazi, Bwana anisamehe. Waendelee kuhangaika na kitambaa chao mpaka jioni, mpaka kesho. Sasa hivi bado nina mtoto ana homa Surat.

Ngoma zimenyamaza kule. Wamefika.

Bado halijalia.